Ukurasa wa Pili wa Fomu ya Daktari

Wanangu,

Jiko nimezima. ~~Nina hakika.~~ Hebu liangalieni.

Nimekwenda kliniki kupimwa hali hii ya akili yangu kutotulia. Ile fomu ya maswali niliyoitafuta wiki nzima nimeikuta asubuhi kwenye friji, chini ya mayai. Kitindamimba kanicheka: "Mama, hapo umeshajibu maswali yote."

Daktari anataka kujua kama ni msiba ulionivuruga au nilikuwa hivi tangu zamani. Ukurasa wa pili hujazwa na anayenijua vizuri. Marehemu baba yenu ndiye angeujaza. Kila asubuhi alikagua mlangoni kama viatu vyangu vinafanana.

Mwanangu mkubwa, njoo kliniki saa nne uujaze wewe. Andika ukweli wote, hata ule wa siku niliyokusahau shuleni.

Mama yenu