Jina Langu Halimo Katika Kitabu cha Baba

Matete,
Kakamega.
9 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Nadir,

Pokea salamu za Kukhu wako, dada ya babu yako Karimu. U hali gani huko Maskati? Joto limekuachia ngozi? Mke wako mgongo wake umepona? Mimi ninaamka, ninatembea na fimbo mpaka boma la ng'ombe, ninarudi. Goti la kushoto linaniuma mvua ikitaka kunyesha, kwa hivyo mwezi huu wote limeniuma.

Mahindi tumepalilia mara ya pili. Ile ng'ombe nyeusi uliyoikimbia imezaa ndama jike.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu, maana shule niliacha darasa la nne, na kalamu kwangu ni kazi kuliko jembe.

Kitabu chako cha ukoo kimefika. Baba yako Yusufu alikileta mwenyewe kutoka Mumias, amekifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Nilivaa miwani, nikaketi mlangoni penye mwanga, nikasoma kidole kwa kidole siku mbili. Picha ya baba yangu, Dosti Mohamedi, ni nzuri. Duka lake la hapa Matete umeliandika. Halafu nikafika ukurasa wa kumi na saba: "Dosti Mohamedi alizaa watoto wawili, Karimu na Hashimu." Nikadhani nimeruka mstari. Nikarudi. Wawili.

Nilijipata mwisho kabisa, kwenye shukrani. Umeandika mnamshukuru mwanamke mmoja mzee wa Kiluhya wa Matete aliyewasimulia. Mwanamke mmoja! Nadir, ulilala kwangu siku nne Desemba. Ulichinja ingokho, kuku wangu wawili, kwa mkono wako, ukala na obusuma, ugali wetu, mpaka ukalegeza mshipi, simu yako mdomoni mwangu kama kipaza sauti cha mhubiri. Ulikuwa unaniitanga Kukhu. Huyo mwanamke mmoja alizaliwa na nani?

Nilimuuliza baba yako. Kwanza alimwangalia ndama. Halafu akasema nasaba ya Wabaluchi, kabila la baba, huandikwa kwa wanaume, binti huandikwa kwa mumewe, na mimi tena niliolewa kanisani. Nikamwambia mume wangu Were hakuniiba. Baba mwenyewe alinipeleka, akaja na kisu chake, akachinja kuku wote wa harusi ili na yeye ale meza moja na wakwe. Kama yeye alikula, ni nani anayetapika leo?

Na hiyo sheria ya wanaume mmeitoa wapi? Fungua ukurasa wa tatu wa kitabu chako. Umeandika kwamba Mir Jalal Khan, mzee wa kwanza wa Wabaluchi, alikuwa na wana wanne, Rind, Lashar, Hoth na Korai, na binti mmoja, Jato. Hayo uliyatoa kinywani mwangu, na mimi niliyatoa kwa baba nikipima sukari dukani kwake. Alisema ndugu hao waligombana kwenye matanga ya mzee wao, kila mmoja akaweka matanga yake. Yakawa matano, si manne, maana Jato naye aliweka yake. Uzao wake wanaitwa Jatoi mpaka leo, kwa jina la mwanamke. Mama, Mluhya, aliniita Khalayi, lakini baba aliniita Gulnazi. Siku hiyo alimaliza hadithi akaniambia, "Gulnazi, na wewe ni ukoo." Hata hayo nilikuambia. Uliitikia kwa kichwa, hukuyaandika.

Angekuwa mtu baki ameandika, ningekiwashia moto wa chai nikalala usingizi. Lakini ni wewe. Umenitafuna utamu wote, ukanitema kama makapi ya muwa. Mwanangu Chrispinus alipokisoma alicheka, akasema niachane nanyi, sisi ni wa Were. Huyo alilelewa chini ya kaunta ya babu yake. Sikukipenda hicho kicheko.

Yusufu anasema mwezi wa nane mnakuja na saruji kujenga kaburi la baba, mkisome kitabu hapo, ndipo mchape nakala mia tano. Sawa. Mnalijua kaburi lenyewe? Makaburi ya zamani nyuma ya soko yamebaki nyasi tupu, hakuna alama. Karimu na Hashimu walikuwa Mombasa baba akifa. Aliyewaonyesha wachimbaji mahali ni mimi. Bila mimi mtamsomea fatiha Osiako, mpiga ngoma wa Jeshi la Wokovu aliyezikwa hapo hapo, na maskini hatajua aitikie nini.

Usiogope, sitalificha. Baba hakunikosea kitu. Nitawapeleka mpaka kichwani pake, na goti langu hili hili. Lakini hapo ni wewe utakayesoma, si Yusufu. Utanisomea ukurasa wa kumi na saba kwa sauti, ukinitazama usoni. Kama mdomo wako utaweza kusema "watoto wawili" juu ya baba yangu, chapeni.

Nisalimie mke wako na watoto. Tracy wa Chrispinus anakusalimu. Mungu akutunze kazini na njiani, na akufikishe hapa salama.

Ni mimi nikupendaye, hata leo,
Gulnazi Khalayi, binti Dosti Mohamedi