Moshi na Mosha

Jumatatu, 6 Julai 1998

Ukungu tena. Nimepanda hadi kituo cha afya kule juu mlimani mara ya tatu, kutengeneza kompyuta ileile ya msaada, kuukuu ambayo walioitoa walishaichoka. Nimeivua kitambaa chake, nimefungua boksi, nimepima chipu za memori, zinazotunza maandishi, asubuhi nzima. Safi. Daktari anasema orodha ya Mei ya wenye kifua kikuu ilikosewa: iliandika Anna Mosha, mama wa watu akameza vidonge wiki saba, kumbe hana ugonjwa. Aika, karani, anaapa aliandika Anna Moshi. Nikasema mashine haina kosa. Vidole ndivyo vina kosa.

Jumanne, 7 Julai

Ripoti nimepeleka. "Mashine nzima. Kosa ni la mchapaji." Nikatia sahihi, nikaona raha.

Alhamisi, 9 Julai

Aika amesimamishwa kazi. Kanifuata hadi kibandani kwangu mjini, macho mekundu. "Kaka, mimi Mchagga. Nitachanganyaje ukoo wa Moshi na wa Mosha?" Nikamfokea. Baadaye nikayarudia maneno yake. Anasema kweli. Mtu wa pwani labda, siyo yeye. Na kama kweli aliandika Moshi, basi yuko Anna Moshi mahali, anakohoa, hana habari.

Naogopa.

Ijumaa, 10 Julai

Nimepanda bila kuitwa. Sikugusa kitu. Nilikaa tu nikimtazama karani wa muda akifanya kazi. Jamani! Anawasha mashine na kitambaa juu yake, kile cheupe cha kufuma, kimeshuka mpaka kimeziba matundu ya hewa. Kama redio ya sebuleni! Wote hufanya hivyo, isiingie vumbi. Mimi kila nikija nakivua, nakikunja kwa adabu, ndipo napima. Siku zote nilipima mashine iliyopoa. Mjinga mkubwa mimi.

Nikaifunika. Nikangoja saa tatu nzima, nikapima bila kuifunua. Chipu ya nne imeshindwa na joto. Herufi I ikipita kwenye kijumba chake kimoja cha kumbukumbu inatoka A. Ndani ya mashine herufi hizo zinatofautiana kwa alama moja tu kati ya nane. Nikaibadilisha chipu hiyo nafasi na jirani yake, nikafunika tena. Kosa likahama nayo. Hakuna ubishi.

Jumamosi, 11 Julai

Nimeichana ripoti yangu mbele ya daktari. Hakunitukana. Bora angenitukana. Tukafungua daftari la maabara, lile la mkono, ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo tangu kompyuta ije. Anna Moshi, wa kule Old Moshi. Anao ugonjwa. Alipokuja kuuliza majibu jina lake halikuwamo kwenye orodha, akaambiwa ni mzima, arudi nyumbani. Tangu Mei.

Aika amerudishwa kazini. Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa.

Jumapili, 12 Julai

Tumekwenda watatu: daktari, Aika, mimi. Njia nzima Aika alitangulia mbele. Kikohozi tulikisikia tungali kwenye migomba, kabla ya kuiona nyumba ya Anna Moshi. Shikamoo bibi. Marahaba wanangu, karibuni. Akatutolea viti, akatuomba radhi kwa kukohoa, akasema ni baridi hii ya Julai tu. Daktari akamuuliza analala na nani. Wajukuu wanne, chumba kimoja.

Aika akatoa kalamu, akaandika majina yao kwa mkono, ili nao wapimwe, akimuuliza bibi herufi baada ya herufi. Wa nne ana miezi minane.