Muhuri wa Mudiri

Jumatatu, 3 Novemba 1986

Sijaandika tangu Idi Kubwa. Aibu kwa mtu aliyewachapa watoto kwa kuruka siku moja ya shajara. Najitaka radhi mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine asomaye haya.

Mambo ni yale yale. Alfajiri msikitini, kisha kahawa, kisha redio na makosa yake. Mke wangu, Bi Rukia, anasema nazungumza na redio zaidi kuliko ninavyozungumza naye. Kweli.

Adhuhuri kamati ya sikukuu ilikutana. Tangu nistaafu ualimu, kila Siku ya Jamhuri mimi ndiye nielezaye ukumbini habari za alama zilizotawala pwani hii. Nguzo yetu ya Malindi yenye nembo ya mfalme wa Wareno. Bendera nyekundu ya Sultani. Ya Mwingereza. Kisha yetu. Mwaka huu wamemchagua Athmani. Mwenyekiti akaniambia, "Upumzike, Mwalimu. Umechoka."

Sikuchoka. Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili lisinizunguke kichwani.

Alhamisi, 6 Novemba

Athmani amekuja. Tulifundisha skuli moja miaka mingi. Mtu wa Faza, ana ulimi wa asali na kichwa kisichohifadhi kitu. Aliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba ndege wa nembo ya taifa ni kuku. Ni jogoo, na ameshika shoka. Watoto walimpenda hivyo hivyo. Mimi walinipa jina, Bwana Nahau. Najua aliyeanza kuniita hivyo.

Alitaka muhuri wa mudiri. Marehemu baba alikuwa karani wa mudiri, mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani, wakati wa bendera nyekundu. Yeye ndiye aliyeyeyusha lakiri, ile nta nyekundu, na kuigonga muhuri kwenye hati. Bendera iliposhushwa mwaka 1963 na vyeo vile kufutwa, aliamriwa auharibu muhuri usije ukagonga tena. Alishika tupa, akakata mara moja tu, mshazari, juu ya jina. Mara ya pili hakuwa na moyo. Akaja nao nyumbani. Jioni ile hakula.

Nilimwambia Athmani, "Umepotea." Uongo, lakini kwa sarufi safi.

Jumapili, 16 Novemba

Maulidi yamepita vizuri. Bi Rukia alichoma vileja, biskuti zetu za unga wa mchele, tangu juzi, akavipeleka nyumba zote za jirani. Sahani ya nyumbani kwa Athmani imerudi na halua, kwani sahani hairudi tupu. Halua yenyewe ilikuwa nzuri mno. Hata hilo lilinikera.

Ijumaa, 28 Novemba

Nasikia Athmani anafanya mazoezi barazani kwake na watu husimama kumsikiliza. Mimi hawakuwahi kusimama. Walikaa, kwa kuwa niliwaambia wakae.

Nimepita njia ya nyuma nisimwone. Mzee mzima.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimerudi kutoka ukumbini. 

Nilikaa safu ya nyuma. Athmani alikosea mpango wa rangi za bendera, akajicheka, watu wakacheka naye. Kisha akafunua kitambaa kikubwa ukutani. Muhuri wa mudiri! Umechorwa upana wa sinia, herufi zote mahali pake. 

Akasema, "Mwenye muhuri huu kaniambia umepotea. Yakhe, mimi nimeukuta mdomoni! Nimeuma kileja cha Bi Rukia, natazama, mudiri huyo ananitazama. Bwana Nahau kaupoteza, mkewe kauona!"

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Upande wa wanawake walicheka kwa sauti.

Ni kosa langu kusahau. Baada ya baba kuleta muhuri, mama aliuchukua akaugongea vileja vya Idi. Baba hakumkataza. Mama alipofariki Bi Rukia akaurithi pamoja na kinu na mbuzi ya nazi. Mwaka baada ya mwaka umekuwa jikoni kwangu, katika unga.

Lakini hakuishia hapo. Akaonyesha kwa fimbo ule mstari wa mshazari. "Na huu, mabibi na mabwana, ni upanga wa Sultani."

Upanga! Tupa ya baba yangu!

Furaha niliyoipata ni mbaya, sitaificha. Nilimngoja mtu huyu akosee mbele ya watu tangu ujana wetu. Nikainuka nimsahihishe. Waliokaa mbele yangu waliniona nimesimama, wakadhani nampa heshima, nao wakasimama. Safu kwa safu, mpaka Bwana D.O., mkuu wa tarafa, naye akasimama. Makofi yakaanza. Sauti yangu haikusikika hata na mimi.

Athmani alinitazama kutoka jukwaani, akaweka mkono kifuani. Alidhani mimi ndiye niliyewainua.

Jumamosi, 13 Desemba

Sikutoka. Nimemwambia Bi Rukia kwamba amenifedhehesha. Akajibu, "Mimi? Mimi nimepika vileja. Aliyesema umepotea ni nani?" Kisha akaongeza, "Kijicho, Mwalimu, hakifichiki hata kikivaa kanzu."

 Nilisahihisha gazeti zima kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu, 15 Desemba

Athmani amekuja baada ya alasiri. Bi Rukia akamkaribisha kama bwana harusi. Shikamoo nyingi, kahawa, vileja vilivyosalia.

Habari aliyoileta ni hii. Kamati inataka muhuri uchorwe kwenye ukuta wa mbele wa ukumbi, kwa rangi ya mafuta, udumu. Chini yake yaandikwe maelezo, na upanga utajwe. Ameiambia kamati kwamba hawatachora chochote mpaka mtoto wa karani akubali. "Nimewaambia, mwenye neno la mwisho ni Mwalimu. Mimi mpiga porojo tu."

Sikutaka kumsikia akisema hivyo. Nilitaka ajivune.

Kisha akakitazama kikombe chake, si mimi. "Ni upanga, sivyo?"

Nadhani anashuku. Mtu haulizi swali kama hilo polepole vile bila sababu.

Ningeweza kusema pale pale. Ingekuwa lazima niutoe muhuri jikoni na kukiri kwamba nilidanganya. Naye angekwenda kuwaambia waliompigia makofi kwamba aliwauzia upanga usiokuwapo. Nikinyamaza, jioni ile ambayo baba hakula itakuwa upanga wa Sultani, ukutani, mbele ya wajukuu wangu.

Nikamwambia, "Nitakujibu Jumamosi." Akasema, "Haya, Bwana Nahau," akachukua kileja kingine cha njiani.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua kidogo asubuhi. Bi Rukia amekwenda Gede kumtazama dada yake.

Nimeingia jikoni. Sijui vitu vinakaa wapi katika nyumba yangu mwenyewe. Muhuri niliukuta ndani ya kopo la iliki. Nimeusugua kwa ndimu na majivu mpaka shaba ikang'aa. Mkato ni mwembamba kuliko nilivyoukumbuka. Mwanzoni umeingia ndani sana, mwishoni umepanda, kama mkono ulichoka.

Nikakanda unga wa mchele na maji, donge dogo, nikaugonga. Mara yangu ya kwanza. Baba hakunipa kuushika hata siku moja, na mama hakuniuliza kama ninataka.

Nilikipeleka kidonge dirishani penye mwanga. Jina la mudiri likasomeka. Juu yake, toka pembe hadi pembe, mpini mnene na ncha kali.

Upanga. Mtu asiyeambiwa angeona upanga. Mimi niliyeambiwa pia nimeuona.

Muhuri uko hapa mezani, karibu na wino. Keshokutwa ni Jumamosi. Nikijua nitakalomwambia Athmani, nitaliandika hapa kabla ya kumwambia yeye.