Serikali ya Visiwani

Kasulu,
1 Oktoba 1978

Kwa Kaka Nestori,

Pokea salamu zetu sote. Sisi ni wazima, kikohozi cha Bibi kimepungua. Natumaini hujambo huko Tabora na kazi ya reli haikuchoshi. Nina jambo ambalo, zaidi ya Bibi, sijamwambia mtu yeyote. Nimeona nikuambie wewe.

Mwezi wa Julai Mzee Khatibu wa dukani alinifungia chumvi kwa kipande cha gazeti kuukuu, kisicho na tarehe. Nilimsomea Bibi. Kilieleza habari za watu wa kisiwa cha mbali waliohamishwa ili Wamarekani wajaribu mabomu ya nyuklia. Majivu yenye sumu yaliangukia visiwa vile. Baada ya miaka zaidi ya ishirini serikali ikasema ardhi imepona, ikawaruhusu kurudi kwao.

Kwa Bibi serikali ni moja tu, ile iliyotuhamishia katika kijiji hiki mwaka sabini na nne. Alicheka, akasema kumbe inarudisha watu, na sisi hatujafikisha hata miaka mitano. Akanisimulia Muyama, kijiji chetu cha zamani, mpaka moto ukafifia: ukungu uliokaa bondeni hadi saa nne, na wewe ulivyojificha kwenye mibuni ili usitumwe maji. Nilijua amekosea. Sikumsahihisha, kwa sababu tangu tuhame sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

Basi akaenda kumuuliza Mwenyekiti Bazilio siku ya safari ya kurudi Muyama. Vijana waliokaa pale walipomsikia akitaja watu wa kisiwa, wakamwita Bibi wa Visiwani. Akawajibu kwamba siku akiondoka wasimfuate na mizigo yao. Kuku wake akawagawia majirani.

Wiki iliyopita nilikuta gazeti jipya shuleni. Watu wale wameondolewa tena, maana chakula cha kisiwani kimekutwa bado na sumu. Nililificha ndani ya daftari la hisabati siku nne.

Ijumaa nilimsomea lote. Nikamwambia kwamba serikali ile ni ya Marekani, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Hakunigombeza. Aliuliza kama watu wale wameacha makaburi huko. Nikamjibu gazeti halikusema.

Jana alfajiri nilibeba jembe, tukaenda polepole hadi Muyama. Nilipalilia kaburi la Babu. Bibi akaomba nimwache kidogo, nikamngoja barabarani. Tulifika nyumbani kabla ya giza.

Msalimie shemeji na watoto. Ukipewa likizo, njoo umwone Bibi.

Ni mimi mdogo wako,
Esteri