Meku Alipofungishwa kwa Niaba ya Mama

Kibosho, Moshi
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mpendwa mdogo wangu Sista Beatha,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu za Pasaka kutoka huku nyumbani kwa mama. U hali gani? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa baridi ya Iringa kimepona? Na masista wenzako wote wazima? Huku masika yameanza, mlima hatujauona wiki nzima, migomba imeshiba maji. Kwa miili tunashukuru. Mioyo ndiyo haijatulia.

Najua huko ndani kwenu simu haziingii, ndiyo maana naandika. Naandika kwa haraka, uvumilie mwandiko.

Habari ni za Meku. Yule paka uliyemwachia mama siku ulipokwenda utawani sasa ni mzee kweli kama jina lake, na tangu Krismasi ana kisukari. Usicheke. Mume wangu Primus alicheka mpaka akakaa chini: "Paka wa Kibosho ana kisukari kama mkurugenzi! Kumbe ndiye anayenimalizia soda!" Lakini Meku alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe, na anakonda huku anakula. Daktari Gurleen wa mifugo, kule mjini, ndiye aliyempima, akanifundisha. Sikio unalikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, unadunga ukingoni, tone la damu unaligusisha kwenye kipima sukari. Akishakula, namchoma insulini chini ya ngozi ya mgongo. Asipokula, hachomwi. Hilo daktari alilirudia mpaka nikadhani ananiona mjinga.

Sasa wewe unamjua mama na sindano. Tumembembeleza miaka na sukari yake, anaficha mikono ndani ya kanga. Kumbe aliyemweza ni Meku. Alipoona mnyama anatoa sikio bila kelele, akasema, "Haya, Leonia, nisiaibishwe na paka." Tangu hapo kila asubuhi wanakaa wote wawili kwenye mkeka wa jikoni, huyu sikio, huyu kidole, kisha wakishakula kila mmoja sindano yake. "Meku, tangulia," anasema mama. Nilimshukuru Mungu kwa njia zake.

Ikaja Ijumaa Kuu. Padre alishamkataza mama kufunga kwa ajili ya sukari yake, naye amenuna toka Jumatano ya Majivu. Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya Njia ya Msalaba. Nikampima Meku, sukari iko juu. Bakuli lake nikaliona pembeni limefunikwa, kama kawaida akishakula. Sikulifunua. Nikamchoma. Nikamchoma na mama baada ya uji wake, nikaondoka.

Narudi, nasikia mama anacheka jikoni. "Njoo umwone Meku, nani kampa pombe ya mbege?"

Meku anatembea upande upande, anajigonga kwenye miguu ya meza, macho yametoka na hayaoni. Nikafunua bakuli. Kavu, hata chakula halikutiwa.

"Mama, Meku hajala?"

"Ale leo? Mimi nimekatazwa kufunga, yeye ananifungia."

Mdogo wangu, nilikimbilia kipima sukari. Nilimdunga sikio, sukari imeshuka mpaka mashine imekataa kutoa namba. Alishaanza kukakamaa. Daktari kwenye simu akaniambia asali, upesi, upake ufizi tu, usimmiminie atapaliwa. Nikampaka kwa kidole, kidogo kidogo, na Salamu Maria sijui nilisali ngapi. Alipolamba midomo mwenyewe ndipo nilipolia.

Meku amepona. Daktari amempunguzia dawa, anakula. Ninayemwogopea ni mama. Tangu siku ile hajakubali sindano, wala kidole hatoi. "Ulimchoma mzima, akafa mbele yangu akarudi. Mimi sichomwi tena." Nikimweleza kwamba sindano haina kosa, ni njaa, ananiambia, "Basi ni mimi. Mungu Ruwa amekataa mfungo wangu, ananiadhibu." Kisha anageukia ukuta. Nesi Justina wa zahanati amekuja, karudishwa mlangoni. Hospitali hataki hata kuisikia.

Na tangu juzi anakunywa maji, Beatha. Anakunywa kama Meku alivyokuwa anakunywa wakati wa Krismasi. Paka najua sukari yake. Ya mama mzazi siijui.

Leo asubuhi Meku alikuja mwenyewe kwenye mkeka, akalala, akingoja kitambaa. Mama alisimama mlangoni. Nikasema kwa sauti, "Meku, tangulia." Mama hakusogea mkekani, ila hakuondoka.

Basi nakuomba, usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Mimi kwake ni mtoto wa kutumwa maji, wewe ni sista. Mwambie Mungu hakudai mfungo wa Meku, na hakudai wake. Mwambie arudi mkekani. Nitamsomea akiwa amempakata Meku.

Primus anakuletea barua hii mwenyewe kwa basi, na safari hii hacheki. Atangoja getini. Msalimie Mama Mkuu na Sista Magdalena, watusaidie kwa rozari. Godlove mwanangu anakusalimu, shikamoo yake ipokee. Bikira Maria akufunike kwa vazi lake, wewe na nyumba yenu yote.

Nakuomba, Beatha, jibu siku hiyo hiyo barua ikikufikia, hata kama ni mstari mmoja.

Mimi dada yako nikupendaye, mwenye hofu,
Leonia