Chakula Nilichomnyima Hyasinta

Mtaa wa Likoma, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Mpendwa mzazi mwenzangu, Mama Hyasinta,

Hamjambo huko Mbinga? Mgongo wako umepoa? Najua ni msimu wa kuchuma kahawa, usijitwishe makapu. Sisi ni wazima, na mwanao ni mzima. Hilo nalitanguliza ili usome umetulia.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia.

Mwezi uliopita kliniki walikuta sukari ya Hyasinta imepanda kidogo. Wakamwambia aache soda na vitu vitamu, ale kidogo kidogo mara nyingi. Mimi nikashika neno sukari tu. Nikaondoa wali, viazi, hata ndizi. Kutwa nzima mchicha, na usiku hapati kitu. Halalamiki, unamjua, nami nikajisifu kwamba namtunza mjukuu.

Jumatano asubuhi akaniambia, "Mama, mtoto leo kapoa sana, hachezi." Mimba ina wiki thelathini na sita. Tukaenda hospitali palepale. Kwenye picha ya ultrasound moyo ulidunda vizuri, lakini daktari alingoja nusu saa, kifua cha mtoto kimetulia tu. Akatueleza kwamba mtoto wa umri huo hujizoeza kupumua humo humo ndani ya maji ya tumboni.

"Umekula saa ngapi?" akamuuliza.

"Jana saa kumi jioni."

Wakamtoboa kidole. Sukari ilikuwa chini.

"Nani alikwambia ushinde na njaa?"

"Sikuwa na hamu tu, daktari." Hakunitazama.

Nikakimbilia kantini, nikaleta chapati, mayai na chai ya maziwa. Tukakaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima, nasali rozari kwa vidole. Waliporudia kipimo, kifua kile kidogo kikaanza: kinapanda, kinashuka, kinapumzika, kinaanza tena. Daktari akasema sukari ya mama ikishuka mno, mtoto naye huweza kupunguza mazoezi yake. Ikizidi, nayo ina madhara. Kinachotakiwa ni kiasi.

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Daktari, ni mimi niliyemnyima."

Hyasinta akanishika mkono, akasema, "Ulikuwa unaogopa, Mama."

Sasa anakula kwa ratiba ya kliniki, na kipimo cha juzi kilikuwa kizuri. Mumewe Athanas ndiye anayepika. Mimi nimejiondoa jikoni.

Nisamehe, mzazi mwenzangu. Umenipa binti aliyenisitiri mbele za watu nami nilikuwa namshindisha njaa. Njoo kabla hajajifungua, umlishe kwa mkono wako.

Msalimie Baba Hyasinta na mdogo wetu Samson. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mzazi mwenzako akupendaye,
Ritha, Mama Athanas