Herufi Inayoitwa Ng'ombe

Bihambwe, 3 Februari 1963

Evode mwanangu,

Salamu nyingi. Siye tuko bazima, na uzima wako njo nataka kusikia. Mimi nasema, mudogo wako Athanase njo anaandika. Mzee Kanyamibwa anakubali kumupa binti yake, lakini anataka ng'ombe. Ng'ombe yetu Bihogo iko yako, marehemu baba yako alikupa. Siwezi kumutoa bila neno lako. Jibu mbio.

Mama yako

Louvain, 20 Aprili 1963

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, baridi tu inanionea. Tunasoma maandishi ya kale ya watu wa kaskazini huku Ulaya. Herufi yao ya kwanza iliitwa ng'ombe. Nakuchorea: ᚠ. Wataalamu wengi wanaona walichukua F ya watu wa Italia, wakainua mikono yake, kwa maana walichonga kwenye mti, na mstari wa kulala hupotea ndani ya nyuzi za mti. Polepole jina lile likaacha ng'ombe, likawa mali yoyote, hata pesa. Mimi naona pembe za Bihogo. Nimefurahi kupita kiasi.

Mwanao Evode

Bihambwe, 30 Juni 1963

Evode,

Salamu. Afya iko. Athanase alisoma barua yako, akarudia, akitafuta neno juu ya Bihogo. Tuliona pembe tu. Kanyamibwa amechoka kungoja, binti ameolewa kule Mushaki. Athanase alienda kukama. Nina uchungu, mwanangu. Hata kwako jina limebaki, ng'ombe imetoka.

Mama yako

Louvain, 2 Septemba 1963

Mama,

Pole zangu kwanza, salamu baadaye. Nilisahau, na sina la kujitetea. Bihogo na uzao wake wote ni wa Athanase. Mwambie aniandikie mwenyewe, hata kama ni matusi.

Mwanao Evode

Bihambwe, 8 Desemba 1963

Kaka,

Habari ya baridi? Sisi wazima, Mama anakohoa kidogo. Matusi sina, ingawa nilikuchukia tangu kiangazi. Bihogo amezaa jike. Simchukui yeye wala ndama. Unajua kwetu ng'ombe hatolewi kwa karatasi: mwenye kutoa anasimama zizini, anamkabidhi mbele ya watu. Herufi yako nimeichonga kwenye mti wa mlango wa zizi. Nilijaribu kwanza F ya shule, na kweli, mikono ya kulala ilipotea. Yako inaonekana vizuri. Mama anaipapasa kila akipita. Mlango huo nafungua mimi kila asubuhi. Njoo uufungue wewe.

Mdogo wako Athanase